Kambare Barabarani na Maswali Mengine

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba kambare anaweza kuvuka nchi kavu usiku wa mvua. Mistari hiyo miwili imeniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika kuhusu sangara, na baadhi ya waandishi wake wamenikasirikia kana kwamba nimewatania. Basi ukurasa wa leo nimemwachia kambare mumi peke yake, yule mweusi mwenye sharubu ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Clarias gariepinus. Ndugu zetu wa Kenya mnaomwita mumi tu, ni huyuhuyu. Nilikuwa bwana samaki katika Bonde la Kilombero, kisha nikahamishiwa pwani ya Ziwa Victoria hadi nilipostaafu, na samaki huyu nimekutana naye kote huko.

Mzee, shikamoo. Usiku ule mvua kubwa ya kwanza ilipopiga tuliokota kambare barabarani, mbali kidogo na mto. Bibi anasema wameshuka na mvua kutoka mawinguni. Mjomba anasema wameanguka kwenye baiskeli ya mchuuzi. Nani mkweli?
*Msomaji, Mlimba*

Marahaba mwanangu. Mwambie bibi hakukosea sana. Ni mvua kweli iliyowaleta, ila wamepita chini.

Kambare ana vitu viwili ambavyo sato hana. Cha kwanza ni mwiba. Mtazame nyuma kidogo ya kichwa, upande wa kifuani. Kila pezi pale limetanguliwa na mwiba mgumu, na ukipitisha ukucha kwa nje utausikia unakwaruza, maana una meno madogo madogo. Akiwa ardhini huifungua miiba hiyo miwili, hujisimika kwa mmoja, hupiga mkia, mwili unazunguka, kisha hujisimika kwa wa pili. Anakwenda hivyo akijipindapinda, tumbo linateleza kwenye ute wake mwenyewe, na ute huohuo ndio unaochelewesha ngozi kukauka, kwa kuwa hana gamba hata moja. Anayemkuta kwenye majani gizani hupiga kelele za nyoka, na mimi simlaumu.

Cha pili ni pumzi. Siku nyingine mkipata kambare mkubwa, kabla kichwa hakijaingia chunguni, inua kifuniko cha shavu uchungulie juu ya matamvua. Utakuta chumba kidogo, na ndani yake vimeota viungo viwili vyekundu vyenye matawi, mfano wa vijiti vya matumbawe. Vimeota juu ya tao la pili na la nne la matamvua, na vimejaa mishipa myembamba ya damu. Humo ndimo anamovutia oksijeni moja kwa moja kutoka hewani. Keti kando ya dimbwi lililotulia wakati wa jioni utaona: anapanda mmoja, anapasua uso wa maji kwa mdomo, anageuka kuzama, na mapovu ya hewa iliyotumika yanatokea nyuma ya mashavu. Baada ya muda kidogo anapanda mwingine. Katika maji yaliyooza, yasiyo na oksijeni, ukimfunika kwa wavu asifike juu atakufa maji, samaki mzima.

Sasa, kwa nini barabarani? Kwa sababu mvua kubwa za kwanza ndizo zinazompa habari kwamba bonde limefunguka. Mto unapanda, maji yanatoka kwenye kingo na kuingia majanini, na kambare walioiva wanayafuata usiku, kwa makundi. Hawachagui njia nzuri. Watapita mtaroni, watapita kwenye nyayo za ng'ombe, watapita kwenye maji membamba yanayovuka barabara ambayo hayazamishi hata kidole. Barabara ya udongo iliyokatiza bonde ndiyo kikwazo chao kikubwa. Maji yakijivuta ghafla, wanabaki juu ya tuta wakihangaika.

Kuhusu mjomba na baiskeli yake, kuna namna ya kuamua kesi. Kama mlikuwa bado hamjawapika, mngebonyeza tumbo taratibu kuelekea mkiani. Mzigo wa mchuuzi huwa na mchanganyiko, wakubwa kwa wadogo. Wale wa barabarani usiku kama huo ni wakubwa watupu, na majike wanatoa mayai.

Huku kwetu Bunda wazee wanasema kambare na kamongo ni ndugu, na wote hulala kwenye udongo mkavu mpaka mvua irudi. Mwalimu wetu anabisha.
*Mwanafunzi wa kidato cha pili*

Mwalimu yuko sahihi, lakini usiende kuwatangazia wazee hadharani.

Kamongo si ndugu wa kambare hata kidogo. Ana mapafu hasa, mawili, na mapezi yake ni kama nyuzi zinazoning'inia. Ukame ukija huchimba shimo kwenye tope, hujikunja humo, hutoa ute unaokauka na kuwa ganda la kumzunguka, kisha hulala akipumua kwa kitundu. Anaweza kukaa hivyo miezi mingi huku udongo umekauka na kupasuka.

Kambare hana ganda na halali usingizi wa aina hiyo. Anachofanya ni kung'ang'ania unyevu. Dimbwi likipungua anajikusanya na wenzake katika kile kilichobaki, wanalivuruga mpaka linakuwa uji mzito, na wanaendelea kupumua hewa. Likipungua zaidi atajisukuma kwenye tope laini au kwenye shimo la kando ya mto ambamo mchanga bado una maji. Humo atavumilia kwa muda ambao sato angekuwa amekwisha kufa zamani. Lakini unyevu ukiisha, naye ameisha. Wazee wenu huenda wamefukua kambare hai kutoka kwenye udongo ambao juu ulikuwa mkavu. Ninaamini wameona. Wangeshika ule udongo wa chini aliokuwamo, wangekuta bado unalowesha mkono.

Nitamtambuaje kambare mumi? Kuna gogogo, kuna kitoga, na wote wana sharubu. Halafu niliyenunua juzi alikuwa na mabaka, nikadhani ni mgonjwa.
*Mama lishe, Morogoro*

Tazama mgongo, dada yangu, sharubu ziache. Gogogo ana pezi fupi la mgongoni lenye mwiba mkali mbele, na nyuma yake kipande cha pezi kisicho na mifupa, kama nyama tupu. Kitoga naye ana kile kipande cha nyama, kirefu. Kambare mumi hana mwiba mgongoni wala hana kipande hicho. Pezi lake la mgongoni ni moja, laini, linaanza nyuma ya kichwa na kwenda karibu mpaka mkiani, na la chini hivyohivyo. Kichwa ni bapa na kigumu kama mfupa mtupu, macho madogo, sharubu jozi nne.

Mabaka yasikusumbue. Rangi ya kambare hubadilika kwa mwanga, kwa maji anamoishi na kwa msukosuko. Wa maji ya tope huwa hivi, wa maji meupe vile, na akikamatwa na kubanwa kwenye ndoo hutoka madoa ya kijivu na meusi hapohapo. Cha kukutisha kwa samaki aliyekufa ni vidonda, macho yaliyozama na harufu.

Nimechimba bwawa na kupanda kambare dume na jike. Wamekuwa wakubwa, majike matumbo yamejaa mayai, lakini mwaka wa pili huu sijaona kifaranga hata kimoja. Nimetapeliwa mbegu?
*Mfugaji, Kahama*

Hujatapeliwa. Una samaki wanaosubiri mafuriko, na wewe umewapa maji yaliyotulia.

Ngoja nikueleze mambo yanavyokwenda bondeni, maana jibu lako limo humo. Mayai ya kambare hukua ndani ya jike polepole kadiri joto na mvua zinavyokaribia, yakafikia hatua fulani na kusimama. Kuiva kabisa na kutagwa kunahitaji ishara: maji yanapanda, yanafunika nchi iliyokuwa kavu, na maji yenyewe ni mapya, yananuka udongo na majani yaliyozama. Ishara hiyo ikifika, mwili wa jike humwaga homoni kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, na kwa muda wa saa chache mayai yanakuwa tayari.

Usiku huo madume huwa wakali wao kwa wao. Jozi ikishatengana na kundi, huingia kwenye majani mahali ambapo kina mara nyingi hakifiki magotini. Dume hujikunja na kukizunguka kichwa cha jike kwa mwili wake. Wanakaa hivyo sekunde chache tu, yeye anatoa mbegu, jike anatoa mayai, kisha jike anapiga mkia kwa nguvu na kuyatawanya. Wanapumzika, wanarudia mahali pengine. Ukienda alfajiri na tochi utaona kazi yao: mayai madogo ya rangi ya kijani kahawia, kipenyo karibu milimita 1 na nusu, yamenata moja moja kwenye mashina ya nyasi, maana kila yai lina kibandiko chake. Baba na mama wameshaondoka. Hawalindi, hawarudi. Kwa maji ya joto la nyuzi 25 hadi 28 mayai huanguliwa kwa siku moja au moja na nusu hivi, na baada ya siku mbili tatu vitoto vinakuwa vimemaliza kiini cha yai na kuanza kutafuta wadudu wa majini wasioonekana kwa macho.

Bwawa lako, hata liwe zuri namna gani, halina hayo. Kina chake hakibadiliki, kingo umezisafisha kama nilivyowafundisha wafugaji wengi, majani hakuna. Na hata wakitaga kwa bahati mvua ikinyesha sana, wao wenyewe pamoja na vyura na wadudu watavila vifaranga kabla hujaamka.

Vituo vya kuzalisha vifaranga huondoa kikwazo hiki kwa sindano. Jike hupigwa homoni, mara nyingi iliyotolewa kwenye tezi ileile ya samaki mwingine au ya viwandani, na baada ya saa kumi hadi kumi na mbili hivi, kutegemea joto la maji, mayai hukamuliwa kwenye bakuli kavu. Dume hakamuliki, kwa hiyo kwa kawaida huchinjwa ili korodani zake zitolewe. Mayai na mbegu huchanganywa, maji kidogo huongezwa, na kazi imekwisha. Ukisimuliwa inaonekana rahisi. Ugumu ni wiki zinazofuata, kwa sababu vifaranga hawakui sawa, na yule aliyewapita wenzake huanza kuwameza. Nimeona beseni lililojaa asubuhi likawa na wachache wenye matumbo makubwa. Wanaofanikiwa ni wale wanaowachambua kwa ukubwa mara kwa mara bila kuchoka.

Ushauri wangu: nunua vifaranga kituoni, kuza, uza. Usitume vijana wakachote vitoto bondeni wakati wa mvua. Najua wafanyao hivyo, na najua kisingizio chao kwamba wako wengi.

Na kama katika bwawa hilo una perege wanaozaana mpaka wamedumaa, acha kambare wachache humo. Watakusaidia kupunguza.

Eti ni kweli kambare hula mizoga na uchafu? Mume wangu amekataa kabisa asiingie nyumbani kwetu.
*Msomaji, Geita*

Anakula mzoga akiukuta. Anakula pia wadudu, konokono, vyura, samaki wenzake, mbegu na matunda yanayodondoka majini, na kifaranga cha ndege aliyeanguka kutoka kwenye kiota. Huwinda zaidi usiku na katika maji ambayo jicho halina kazi, kwa hiyo hupapasa kwa sharubu, akigusa anafungua lile domo pana na kuvuta. Halafu watu wengi hawajui hili: ndani ya matamvua ana vichungio vyembamba ambavyo huongezeka kadiri anavyokua, na kambare mkubwa anaweza kuchuja vijidudu vidogo sana vinavyoelea majini. Samaki wa urefu wa mkono, anashiba kwa vitu ambavyo wewe huvioni!

Na anajua kushirikiana. Katika delta ya Okavango, Botswana, maji yanapopungua kati ya Agosti na Novemba, kambare hukusanyika kwa mamia na kutembea ukingoni mwa mafunjo wakiwafukuza samaki wadogo waliojificha kwenye mizizi. Wanapiga mikia, maji yanachafuka, mafunjo yanatikisika, na yangeyange wanawafuata juu wakidaka wanaoruka. Watalii hulipa kwenda kuona hilo. Sisi tunamwita mchafu.

Ila mume wako ana hoja moja nitakayomsaidia. Kwa kuwa kambare huvumilia maji ambayo samaki wengine wangekufa, utamkuta hata kwenye mtaro wa mji na kwenye maji yanayotoka machimboni. Nanyi huko Geita mna machimbo. Kumwona hai hakumaanishi yale maji ni salama, wala yeye mwenyewe. Zebaki haimuui kwa haraka, inajikusanya mwilini mwake. Kwa hiyo uliza ametoka wapi. Wa mtoni, wa ziwani mbali na machimbo, wa bwawa safi, mpike. Wa mtaroni, muunge mkono mumeo.

Kijijini kwetu kila mwaka maji yakianza kupanda vijana huziba mdomo wa kijito kwa uzio na migono, wanazoa kambare wote wanaoingia bondeni. Wengine wameanza kutumia utupa. Mwenyekiti anasema kambare hawaishi, jike mmoja ana mayai maelfu. Nimebaki peke yangu kupinga.
*Mvuvi, Bonde la Kilombero*

Hukubaki peke yako, tuko wawili.

Tuanze na utupa kwa kuwa huo hauna mjadala. Sumu ya kuvulia, iwe ya majani au ya dukani, imekatazwa na Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003, sawa na baruti. Inaua kila kitu kilichomo, na watu na mifugo wanakunywa maji hayohayo. Mwenyekiti anayelinyamazia hilo anajua anachofanya.

Kuhusu mayai, anasema kweli nusu. Jike wa kilo moja hubeba makumi ya maelfu. Lakini nimekwisha eleza hapo juu kwamba wazazi hawalindi. Vyura, mabuu ya kereng'ende, samaki wadogo na ndege wanayangoja. Mvua ikikatika siku tatu, maji yanajivuta na mayai yanakaukia majanini. Mayai ni mengi kwa sababu vifo ni vingi. Na hayo maelfu yote yanategemea jambo moja, jike afike majanini. Ukimzuia mdomoni mwa kijito akiwa anapanda, umemvua yeye na msimu wake mzima kwa bei ya samaki mmoja.

Mimi sijawahi kumwambia mvuvi wa Kilombero asivue wakati wa maji. Ningekuwa mnafiki, kwa maana ndio wakati wenye samaki. Ninachosema ni upande wa kuelekeza mgono. Wakubwa wakishataga hurudi mtoni, wamekonda kidogo lakini ni kitoweo kilekile. Tega wakishuka. Vitoto hubaki kwenye maji ya majani, vinakula na kukua, na hushuka baadaye vikiwa na urefu wa sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu hivi. Kwa hiyo uzio wa kushukia uwe na matundu ya kupitisha vitoto hivyo. Wale wanaotandika chandarua cha mbu mdomoni mwa kijito maji yanapokauka ndio wanaofunga duka. Samaki wa miaka inayokuja wanaanikwa juani siku moja, na ndoo nzima ya vitoto haitoshi hata kuwalisha bata.

Kuna jambo jingine, na hili linanitia wasiwasi kuliko migono. Tunasema kambare ni samaki wa mtoni, au wa ziwani, na kwa kusema hivyo tunadhani mto ukibaki na yeye yupo. Makao yake ni mto pamoja na bonde linalofurika, vyote viwili, na ile njia ya katikati. Mto anautumia kiangazi kama mahali pa kujihifadhi. Pa kuzalia ni kule kwenye majani yanayozama kwa miezi michache. Mkilima mpaka ukingoni, mkachimba mitaro ya kukausha bonde, mkaweka tuta lisilo na kalavati, mto utaonekana uleule na kambare watapungua mwaka hadi mwaka bila mtu kuwavua kupita kiasi. Hata yale maziwa madogo ya bonde la Rufiji, Zumbi, Ruwe, Uba na wenzake, ni mto unaoyajaza ukifurika. Ukiacha kuyafikia, yanageuka vidimbwi vya kuaga.

Kwa hiyo mkutano ujao usianze na mayai ya mwenyekiti. Anza na kalavati. Omba barabara yenu iwekewe mabomba chini pale maji yanapovukia kila mwaka. Hilo hata asiyejali kambare atalikubali, kwa kuwa barabara nayo haitakatika.

Je, asili ya kambare mumi ni Ziwa Victoria?
*Msomaji, Kisumu*

Hapana, ingawa Ziwa Victoria yupo tangu zamani. Aliyemweleza kitaalamu kwa mara ya kwanza ni Mwingereza William Burchell, mwaka 1822, kwa samaki wa Mto Orange kule Afrika Kusini. Kutoka huko makazi yake ya asili yanapanda kupitia Zambezi, maziwa yetu makuu, Kongo na Afrika Magharibi, yanafuata Nile mpaka Misri, yanavuka mpaka Mto Yordani na kuishia kusini mwa Uturuki. Ni wachache samaki wa maji baridi wa Afrika wenye nchi pana namna hiyo. Vitabu vya zamani vilimgawa: wa kwetu akiitwa Clarias mossambicus, wa Nile akiitwa Clarias lazera. Ni miaka ya 1980 ambapo Mbelgiji Guy Teugels aliwapima wa kila mahali na kuonyesha kwamba ni samaki mmoja.

Ziwani kwenu ana ndugu ambao watu huwadhani watoto wake. Clarias alluaudi ni mdogo na hukaa kwenye mafunjo, hakui akafika popote. Na kulikuwa na mmoja wa maji ya kina, Xenoclarias, ambaye hakuna mahali pengine duniani alipopatikana. Kwa miongo sasa haonekani. Ziwa Nyasa nalo lina ukoo wake wa kambare wa vilindini, Bathyclarias.

Alipopelekwa na watu, mumi amekuwa taabu. India ilipiga marufuku ufugaji wake mwaka 2000 kwa kuwa hutoroka na kula samaki wa huko. Afrika Kusini hakuna hata aliyembeba. Walichimba handaki la kilomita 83 hivi kuhamisha maji ya Mto Orange kwenda Mto Great Fish, likafunguliwa mwaka 1975, na kambare akapita humo gizani mpaka kwenye mito ambayo hakuwahi kuwamo. Ukisikia hivyo, yule wa barabarani Mlimba haonekani tena kuwa wa ajabu.

Mkubwa kuliko wote waliopimwa alifika mita 1.7, na uzito wa juu uliorekodiwa ni kilo 60. Wengi tunaowaona ni wa kilo chache tu.

Nimechomwa na mwiba wa kambare kidoleni, unauma siku ya pili.
*Msomaji, Mtera*

Osha kwa maji safi na sabuni, uliweke jeraha wazi na safi, na uende zahanati leo, usingoje. Mwiba ule una meno yanayochana nyama kwa ndani, na ulikuwa umezama kwenye tope. Waulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Siku nyingine mshike kwa nyuma ya kichwa, vidole vikipita nyuma ya miiba na si mbele yake.

Mzee, samaki asiye na magamba anaruhusiwa kuliwa?
*Wasomaji kadhaa*

Muulizeni kiongozi wenu wa dini. Mimi nilikuwa bwana samaki.

Shule yetu inataka kumfuga kambare mmoja kwenye tangi la kioo ili watoto wamwone akipumua. Tuzingatie nini?
*Mwalimu wa sayansi, Mpanda*

Wazo zuri, na ninyi mna bahati ya kukaa karibu na Katavi. Mkipata usafiri, wapelekeni watoto kiangazi, Mto Katuma unapokuwa madimbwi, wakaone viboko, mamba na makorongo wamekusanyika juu ya tope lililobaki na kambare wamo ndani yake. Hilo halifundishiki kwa tangi.

Kwa tangi: chukueni mmoja mdogo, mkiweka wawili wa ukubwa tofauti atabaki mmoja. Msijaze maji mpaka juu, mwache nafasi ya hewa kati ya maji na kifuniko, kwa kuwa hapo ndipo anapovutia pumzi. Wekeni kipande cha bomba pana au chungu kilicholala ili ajifiche mchana, na upande mmoja wa kioo mfunike kwa karatasi nyeusi. Mlisheni jioni, kidogo, minyoo au vipande vya dagaa, na msafishe mabaki asubuhi. Mkimaliza mafunzo mrudisheni kwenye maji yaleyale mlikomtoa, si kwenye mto mwingine.

Kifuniko kiwe na matundu na kiwe kizito. Usiku wa mvua atajaribu kutoka, wekeni na jiwe juu.